Ndoo ya Mbeyu

Siku droni ya jeshi ilipopita kusajili mwendo wa kila mtu mpakani, Mbeyu alikuwa anatoka kisimani na ndoo ya maji kichwani. Basi mwendo ule ndio ulioandikwa kuwa wake. Mwaka wa tisa huu bomba liko uani, lakini Mbeyu haendi sokoni, msibani wala harusini bila ndoo iliyojaa, maana asiyetambulika kwa mwendo huchukuliwa na askari, na wanaorudi ni wachache.

Leo ilikuwa zamu ya bintiye Dzame, aliyetimiza miaka saba, kusajiliwa mwendo wake. Tangu alfajiri Mbeyu hatulii, mara aingie, mara atoke.

"Usishike kitu, mwanangu. Hata kikombe. Nenda mikono mitupu mpaka kwa shangazi yako."

"Umeshaniambia, mama."

Droni ilikuwa ikivuma juu ya paa. Dzame akatoka mikono mitupu, kichwani hana kitu. Lakini shingo aliisimamisha wima, mabega hayakutikisika, na nyayo zilishuka polepole kama za mtu anayeogopa kumwaga maji. Hakufundishwa na mtu. Ndivyo alivyokua akimwona mama yake akitembea.

Taa ya kijani ikawaka papo hapo.

"Mbeyu binti Chirima," ilisema sauti ya mashine. "Umetambuliwa. Pita."

Mlangoni, Mbeyu alikuwa ameshajitwika ndoo amfuate mwanawe. Alibaki na mguu mmoja kizingitini, maji yakimchuruzika shingoni, asithubutu kuutoa wa pili. Kwa droni, Mbeyu alikuwa ameshapita.