Mbao za Mjapani

Wabwile alikuwa amepanda juu ya meza, nyundo mkononi, anatoboa ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Chini, mkewe Edah alisimama na ufagio akitazama vumbi likishukia vitambaa vya makochi alivyovifua jana yake.

"Baba Dinah, si useme tu unatafuta nini huko juu?"

"Hewa," Wabwile akajibu.

Mambo haya yalianza mapema mwaka huo wa 1988, Mjapani mmoja aliyekuwa akifundisha kilimo kule Mabanga, karibu na Bungoma, alipoanza kufunga virago arudi kwao. Wabwile, mwalimu wa useremala hapo Kitale, alikuwa amemtengenezea viti na rafu, wakawa marafiki. Mjapani akawa anamgawia mbao zake za kale. Kwanza kibao kilichochimbwa umbo la samaki, ambacho akina nyanya wa Japani walikitumia kukandamizia peremende. Kisha bango la duka, jeusi kwa moshi wa miaka, lenye maandishi ambayo hakuna mtu Kitale nzima angeyasoma. Kisha uso wa mwanamke uliochongwa kwa mti, mweupe, unaotabasamu kidogo kama mtu anayejua jambo. Vyote vikatundikwa sebuleni, na picha ya harusi ikahamishiwa chumbani. Edah aliliona hilo, akalimeza.

Wageni walisifu. Edah hakusifu. Kila ubao ulikuwa na safari yake ya Bungoma, na mumewe hakuwahi kupenda safari za Bungoma. Huko ndiko kwao Edah. Kwa mila, mwanamume yeyote wa Kibukusu huepuka kukutana uso kwa uso na mama wa mkewe, lakini Wabwile alizidisha. Mwaka uliopita alipomwona mama mkwe akija sokoni, alijitupa ndani ya duka la cherehani na kujifunika vitambaa vya wateja mpaka mama akapita. Leo, ghafla, Bungoma imekuwa tamu!

Sasa alikuwa ameleta ubao mkubwa kuliko yote, mrefu kama mlango uliolazwa, umechongwa ndege korongo na misonobari, umejaa matundu yanayopenya upande wa pili. Huu hakuutundika. Alitoboa ukuta karibu na dari, kati ya sebule na stoo ya mahindi, akauchomeka hapo.

"Huko kwao huu hautundikwi," alieleza. "Unakaa juu, katikati ya vyumba viwili. Hewa inapita, sauti inapita."

"Na macho?"

"Urefu huo? Labda ukuwe twiga."

Edah hakucheka. Mahindi yalishatolewa stoo. Kuta zilishapakwa chokaa. Fundi alishafungua mlango wa nje, ili anayelala humo asipite sebuleni. Na ndani kulikuwa na kitanda kipya.

"Hiyo kitanda ni ya nani?"

"Ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"Akikuja utamwona."

Wiki hiyo hiyo jirani yake Sellah, muuza vitunguu, alimsimamisha njiani. "Mama Dinah, nilipata mzee wako Bungoma, anachagua kitenge. Ile ya manjano, maua kubwa kubwa. Ulipenda?"

Edah akasema alikipenda sana. Alipofika nyumbani alipekua kabati, sanduku, hata chini ya godoro. Hapakuwa na kitenge.

Kisha akaja Wakhungu. Huyu ndiye mshenga aliyekwenda kumposa Edah, na mshenga haonekani kwa mtu bila sababu. Wanaume hao wawili walijifungia stoo wakinong'ona, wakasahau kwamba korongo wale walikuwa wanapitisha sauti.

"Wazee wamekubali," Wakhungu alikuwa anasema. "Shida ilikuwa yeye mwenyewe, bana. Ati hakuji mpaka aambiwe kuna ukuta, na mlango yake."

"Mwambie iko. Lakini bibi yangu asijue mpaka siku atafika. Ni Jumamosi?"

"Jumamosi."

Sebuleni, Edah alisikia kila neno. Alimpenda mwanamume huyu, na ndiyo maana iliuma hivyo. Ule uso mweupe ulikuwa bado unamtabasamia. Akaugeuza ukaangalia ukuta.

Siku mbili hakula vizuri. Alijiambia kwamba kuishi na mke mwenza, wasikilizane kupitia matundu ya Mjapani, hapana. Angerudi kwa mama yake. Huko angalau alihitajika: mama alikuwa amebaki peke yake, miguu imevimba, hana hata wa kumtekea maji.

Jumamosi asubuhi alikuwa amesimama mlangoni na begi lake wakati pikapu ya kukodi ilipoingia uani. Wakhungu alikuwa nyuma, ameshikilia godoro. Mbele, kando ya dereva, alikaa mwanamke aliyejifunika kitenge kichwani mpaka kifuani. Cha manjano. Maua makubwa.

Edah aligeuka ampe mumewe maneno aliyoyapanga usiku kucha. Wabwile hakuwapo. Alikuwa anatimua mbio kuelekea shambani, mwalimu mzima, akatumbukia kwenye mahindi na kuchuchumaa, ameipa nyumba mgongo.

"Mwoga wewe!" Edah akapaza sauti, machozi yakimtoka. "Umeniletea mwanamke, halafu unatoroka?"

Mlango wa pikapu ukafunguka. Kitenge hakikufunuliwa.

"Edah, mwanangu," sauti ya mama yake ikatoka ndani yake, "mkwe wangu ameshajificha vizuri? Nishuke?"