Magurudumu ya Nyuma

Pikapu ya Mbwego ilikata kona kwa magurudumu yote manne; ya nyuma nayo yalipinda kama ya mbele. Ndiyo maana iliweza kugeuka mwisho wa uchochoro wa maseremala, na karibu kila kitanda cha harusi pale mjini kilipanda mgongoni mwake. Sasa ilikuwa gereji kwa fundi Sengo, magurudumu ya nyuma yamekwama upande, inatembea kama kaa.

"Kaka, raha yake umeila," Sengo alisema. "Za wenzako zikifa, spea zimejaa kila mtaa. Ya kwako nimeuliza mpaka naonekana chizi."

"Kwa hiyo?"

"Naichomelea huku nyuma, inyooke. Itakuwa pikapu kama pikapu."

"Pikapu kama pikapu hazigeuki uchochoroni."

"Basi iache hapa, kuku wapate pa kutagia."

Mbwego hakucheka. Alichuchumaa, akalisukuma tairi la nyuma kwa mikono miwili. Halikutikisika. Alizifikiria pikapu za stendi, zimepangana tangu asubuhi bila mteja, madereva wake wamelala mdomo wazi.

"Chomelea, bora itembee," alisema.

Jioni aliingia uchochoroni kwa mazoea tu. Alipofika mwisho alikata usukani mpaka ukagota, na pua ya gari ikagusa ukuta. Seremala alitoka na mwenzake, wamebeba kitanda kipya.

"Geuza basi, Mbwego, tupakie."

Mbwego alitazama chini kupitia dirishani. Kwenye tope lililokauka, alama za matairi yake ya juzi zilikuwa bado zimejikunja vizuri, zinaelekea barabarani.