Mboni na Nakala Yake

Siku hizi ufadhili wa masomo hauleti ada peke yake. Unaleta na nakala: mashine yenye sura na sauti yako, inayobaki nyumbani kupika na kulea ili wewe usiachishwe shule. Bila nakala yangu, ningeishia kidato cha pili.

Leo niliingia jikoni mbio. "Mama! Mboni wako nimechaguliwa kusomea udaktari!"

Mama alikuwa anasukwa nywele na nakala. "Haya, hongera. Lakini punguza kelele, utamwamsha Shomari."

Shomari, mdogo wangu, akaamka akilia. Nikamnyanyua, akanisukuma, akainyooshea nakala mikono.

"Umeona sasa? Mwenzio kambembeleza mchana kutwa. Muombe Mboni radhi."

"Mboni ni mimi, mama! Nitakuwa daktari, na radhi siombi."