Samaki Mmoja

Kipupwe hicho mto uliganda kama kawaida. Kila nyumba ilikuwa na tundu lake la kuvulia kwenye barafu, na mfuniko wa tundu ulijua ni wangapi nyumbani humo watakaoiona wiki ijayo. Samaki wa idadi hiyo wakishatoka, unajifunga.

Sekela alivua mmoja, mfuniko ukajifunga. Akaugonga kwa kisigino. Jirani aliyekuwa akivua pembeni akageuza uso.

Nyumbani mumewe, Ambilikile, alikuwa akichochea moto. Walikuwa wawili tu.

"Mmoja, mama?"

"Mmoja."

Mfuniko hausemi nani. Sekela alimpika samaki, akapakua. Kichwa, ambacho siku zote ni cha mume, kilihamishwa kutoka sahani hii kwenda ile na kurudi, mpaka kikapoa.