Upande wa Pili wa Msumeno

Tangu walipooana, mbao pana zilikatwa kwa mikono minne. Reli za msumeno wa meza zilikuwa fupi, kizuizi cha kuongozea mbao hakikufika mbali, kwa hiyo fundi Ladislausi alikuwa akipiga mstari wa chaki na kusukuma, mkewe Paskalia akipokea upande wa pili. Mwaka huu magoti ya Paskalia yaligoma. Ladislausi akaunga vyuma kwenye reli zile, ili kizuizi kifike mbali na aweze kukata peke yake.

Paskalia alikuja na mkongojo wake kutazama.

“Kwa hiyo sasa unajitosheleza, Baba Oresti.”

“Nimekuonea huruma magoti, mke wangu.”

“Magoti ndiyo yanayouma. Mikono je?”

Ladislausi alikumbuka nywele za mkewe zilivyokuwa zikijaa vumbi la mbao, naye akimpangusa kwa kofia yake kabla hawajaenda kula, wote wawili wakicheka. Akavuta stuli, akaiweka upande wa pili wa msumeno, akamkalisha. Kisha akawasha msumeno. Akausukuma ubao, nao ukaanza kwenda, umenyooka bila kushikwa na mtu kwa mbele.

Paskalia akanyoosha mikono kabla haujamfikia.