Salamu Saba

Siku ambayo Hadassa alisalimia watu saba, mama yake alikaa chini kwenye matope, tena na kikwembe kipya.

Ujue kwanza: mtoto huyo alikuwa hasalimii mtu. Miaka minane, akili timamu, lakini mgeni akiingia tu, Hadassa amekwishajificha nyuma ya mlango wa jikoni. Jumamosi ile Pasta Phinées alimnyooshea mkono, mtoto akatimua mbio. Mama yake, Emérence, aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Pasta alipoondoka, akachukua fimbo.

"Kuanzia leo," alisema huku akichapa, "mutu mukubwa akiingia mu parsele yetu, unaenda, unapiga magoti kidogo, unamupa mukono. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Jumatatu, saa nne ya asubuhi, Mayi-Mayi saba, wapiganaji wa porini, wakaingia uani.

Hawakumfuata Emérence. Walimfuata mpangaji wake, Yassini, mwenye lori, Mwislamu aliyefiwa na mke na kubaki na binti yake mdogo, Asma. Kosa lake? Lori lake lilipita kizuizi cha askari wa Uganda, maadui wa Mayi-Mayi, bila yeye kupigwa kofi. Basi, mpelelezi! Wanasali pamoja hao, watu walisema. Afande wa kizuizi hicho alikaa benchi la mbele kwa Pasta Phinées kila Jumapili, tena akiimba kwa nguvu, lakini hilo hakuna aliyelihesabu.

Emérence naye alisema. Kwenye chemchemi, mbele ya wanawake watano, alisema: "Mimi sina naye shida, lakini ule mutu, hatujue anawaza nini." Neno dogo tu. Sasa alimwona Yassini amefungwa mikono kwa kamba ya mbuzi, kofia yake nyeupe imeanguka kati ya kuku, na neno lile likamrudia masikioni. Jikoni, Asma alikuwa amemshika Hadassa mkono, analia bila sauti.

"Tunamupeleka ku pori," alisema Maliro, mkuu wao. "Musimungojee."

Wanawake wa jirani walisimama mbali, na si kwa kuogopa bunduki peke yake. Wiki mbili nyuma Maliro alikusanya watu wote wa pale Kalunguta, hata watoto, kwenye uwanja wa mpira, akawafundisha sheria za maji. Mpiganaji akishanyunyiziwa dawa, risasi zinageuka maji. Lakini mwanamke asimguse, awe bibi kizee, awe mtoto wa mgongoni. Akiguswa, dawa imekufa, na mwenye dawa iliyokufa hapigani, hamwagi damu, hashiki mfungwa. Anarudi mbio kwa daktari wao porini akaoshwe siku tatu. Na mtoto mdogo hapigwi, maana damu yake inaharibu dawa ya kikosi kizima. Tangu siku hiyo, Mayi-Mayi wakipita, wanawake walishuka hadi mtaroni kuwapisha.

Mlango wa jikoni ukafunguka.

Hadassa alitoka, akaenda moja kwa moja kwa Maliro. Akapiga magoti kidogo.

"Wavukire, papa," alisalimia kwa lugha ya kwao, akaushika mkono wa mkuu kwa mikono yake miwili, kama inavyotakiwa.

Maliro alibaki kinywa wazi. Kabla hajakifunga, mtoto alikuwa kwa wa pili. "Wavukire, papa." Wa tatu. Wa nne alikuwa na kamba ya Yassini mkononi. Akasalimiwa pamoja na kamba yake. Wa tano na wa sita waligongana wakitafuta njia, wakasalimiwa pale pale walipoangukia. Wa saba, aliyevaa koti kubwa la mvua, alirukia nyuma ya mgomba. Hadassa akamfuata huko, kwa adabu zote, akamdaka pindo la koti. "Wavukire, papa."

"Ni mutoto wa nani huyu?" Maliro alipiga kelele. "Nani alimufundisha hivi?"

Hapo ndipo Emérence alipokaa chini kwenye matope.

"Ni mimi," alisema. "Nilimuchapa juu hasalimie batu. Ni mutoto, papa, hajue kitu. Kama ni kuua, muniue mimi."

Maliro aliutazama mkono wake kana kwamba umeshika kinyesi. Akatazama barabara, ambako Waganda hupita kila saa. Sheria alizitangaza yeye mwenyewe, wapiganaji wake sita wanamtazama, angesema nini? Alitema mate, akaingia migombani ameinama, na wenzake nyuma yake. Kamba waliiacha.

Jua lilipofika utosini, Yassini na Asma walikuwa wamekwishaupita mji wa Beni, na lori halikuwa na mzigo zaidi ya godoro moja.

Jumapili Pasta Phinées alihubiri juu ya mioyo ya watoto. "Hakuona Mwislamu!" alinguruma. "Hakuona Mayi-Mayi! Mutoto aliona tu batu ba kusalimia!" Vigelegele vikapigwa, na afande wa benchi la mbele akapiga makofi kuliko wote. Emérence alilia waziwazi. Kumbe Mungu aliweza kuitumia hata fimbo yake kulifuta lile neno la chemchemi.

Mlangoni, Pasta alimnyooshea Hadassa mkono. Mtoto akajificha nyuma ya kikwembe cha mama yake, na safari hii Emérence hakumgombeza.

Walitembea mpaka wakaliacha nyuma kanisa na watu wake.

"Mama."

"Nini, mutoto wangu?"

"Ule wa saba, mwenye koti, nilimugusa tu ku nguo. Na yeye dawa yake ilikufa, ao hapana?"