Mlio wa Gia

Fundi Chengula aligonga gia kwa nyundo ndogo, akainamisha kichwa kama daktari, kisha akatangaza, "Nzima! Hii hata ukweni unaipeleka."

Gia nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Msimbe, mpakiaji wa gia pale kiwandani, alisikia chungu.

"Fundi, hebu gonga tena."

"Umeanza kunifundisha kazi, dada?"

"Gonga tu, kaka yangu."

Akagonga, akimtazama usoni. Miezi mitatu alikuwa akikagua hivyo, kwa kusoma nyuso za wenzake. Miaka ishirini aliwacheka waliovaa vizibo vya masikio, akiwaita mabibi harusi. Sasa mashine zote alizisikia kama mvua ya mtaa wa pili.

"Haya, safari hii uniambie mwenyewe," Msimbe alisema, akampa mgongo.

Chengula akagonga. Akagonga tena, kwa nguvu. Mgongo haukumwambia kitu.

Msimbe akageuka taratibu. "Tangu lini, Fundi?"

"Kabla ya masika."

"Na zile za winchi ya mgodini?"

Chengula akageuka kutazama uani. Zile gia za winchi ya kupandishia watu alizipitisha zote asubuhi ile, na lori lililozibeba lilikuwa linaelekea getini. Chengula akakimbia.

"Simama! Zishusheni! Mimi sisikii!"

Hakujua kama sauti ilitoka. Dereva alitoa kichwa dirishani, na uani kote midomo ya watu ikaanza kufunguka na kufumbika.